Shajara ya mradi: makubaliano ya dagaa safi, mwambao wa Igombe

Agosti, mwanzoni. Mradi wenyewe

Lengo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari: mwaka ukiisha, akina mama wa mwalo mmoja (ufukwe wa kushushia samaki) upande wa Igombe, Ziwa Victoria, wawe wanaanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani, na kampuni ninayofanyia kazi iwe inawanunua kwa bei inayotenganisha dagaa safi na dagaa wa mchanga.

Mimi ni afisa ununuzi. Hakuna mama hata mmoja pale mwaloni ninayeweza kumwagiza. Wenye mitumbwi hawanijui. Bosi ndiye ananiagiza mimi. Lakini matokeo nadaiwa mimi, kama wanavyodaiwa muuguzi kiongozi wa zamu, afisa ugani, mwalimu wa taaluma na kila msimamizi wa kati ninayemfahamu hapa Mwanza. Kazi zetu nyingi ziko hivyo: unatakiwa ulete kitu ambacho kiko mikononi mwa watu wasio chini yako. Ndiyo maana naiweka shajara hii hadharani. Ushawishi na majadiliano ni kazi kama kazi nyingine, una maandalizi na una vipimo, na mtu anaweza kuusoma hatua kwa hatua.

Kwa wasiolijua ziwa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, taa hazivuti tena, mitumbwi inapumzika. Alfajiri ya siku za giza mzigo unashuka, akina mama wananunua dagaa wabichi kwa ndoo kutoka kwa matajiri, yaani wenye mitumbwi, kisha wanaanika. Jua likiwa kali, kesho yake jioni wamekauka. Aliyeanikwa mchangani anabeba mchanga, na wengi wa namna hiyo huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Kichanja ni meza ya miti iliyotandikwa wavu, kimo cha kiuno, upepo unapita juu na chini.

Hakuna jipya hapo. Vichanja vinajulikana ziwa zima miaka mingi, na mafunzo yake yametolewa mara nyingi. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya anayeanika na anayenunua, na huo ndio mradi wangu.

Agosti, katikati. Ramani ya watu

Kabla ya kikao chochote nimechora jedwali la safu nne: nani, anasema anataka nini, anaogopa nini, na tusipoelewana atafanya nini. Safu ya nne nimeikalia muda mrefu kuliko zote. Nguvu ya mtu kwenye majadiliano inatokana na kule anakoweza kwenda akiinuka na kuondoka. Cheo na sauti kubwa vinakuja nyuma sana.

Akina mama waanikaji. Tusipoelewana nao, jioni hiyo hiyo anakuja mchuuzi wa chakula cha kuku na fedha taslimu mfukoni, anabeba dagaa na mchanga wake bila swali. Kwa hiyo wana nguvu kuliko ofisi inavyodhani. Ofisini nimesikia mara nyingi kwamba "hawa watakubali tu". Kwa jedwali hili, hawana sababu yoyote ya kukubali tu.

Kampuni. Tusipoelewana na mwalo huu, tunakwenda soko la kimataifa la samaki pale Kirumba Mwaloni. Mzigo huko haukosekani, unatoka Ukerewe, Sengerema na visiwani. Ila huko tunashindana na wanunuzi wa Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya, bei inapanda bila kutuuliza, na mnunuzi mdogo kama sisi hana namna ya kujua kila gunia limeanikwa wapi. Njia mbadala tunayo, ila ni dhaifu.

Matajiri wa mitumbwi. Wanataka fedha zao asubuhi. Dagaa waanikwe wapi, si shauri lao. Tatizo ni eneo. Ufukwe ambao kila mtu anaufikiria kwa vichanja ndio huohuo wanaotandazia nyavu na kupandishia mitumbwi ya kutengeneza.

Uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi, na mwenyekiti wa mtaa. Hawa wanaogopa ugomvi wa ardhi tu. Ukiwaletea jambo ambalo halijazungumzwa na pande zinazogombana, watakuambia "tutalijadili", na hapo ndipo litakapolala.

Bosi. Anasema bajeti hairuhusu. Nadhani anachoogopa hasa ni kulipa bei ya dagaa safi halafu aletewe mchanga uleule. Hili nitalihakiki kabla ya kulijengea hoja.

Septemba, wiki ya kwanza. Ofisini

Nimeanzia ndani. Anayekwenda kujadiliana nje bila kibali anapoteza muda wa watu, na akirudi kusema "ofisi imekataa" neno lake halina thamani tena mwaloni.

Sikwenda kwa bosi. Nilikwenda kwa mhasibu. Tulitandaza magazeti mezani kwake baada ya saa za kazi, tukamwaga kilo moja ya dagaa wa mchangani na kilo moja ya dagaa wa kichanjani niliyoinunua kwa mama mmoja anayejianikia wa kula nyumbani. Tukachekecha. Kilo ya kwanza ilitoa mchanga uliokaribia kujaza kikombe kidogo cha kahawa, mweupe, mlaini, na vipande viwili vya magamba ya konokono. Kilo ya pili ilitoa vumbi na vichwa vilivyokatika. Mhasibu aliuchota ule mchanga kwa kijiko, akauweka kwenye mizani ya jikoni aliyokuja nayo, akaandika uzito. Halafu akauzidisha kwa tani tulizonunua robo iliyopita. Nilimwona anafuta hesabu na kuirudia.

Yeye ndiye aliyeiwasilisha. Alijumlisha fedha tulizolipia mchanga, nauli ya mizigo iliyorudishwa na maduka, na vibarua wa kuchekecha upya, yote kwenye karatasi moja. Kwa mambo ya hesabu bosi anamwamini yeye kuliko mtu yeyote pale, na hoja hiyohiyo ikitoka kinywani mwangu ingesikika kama afisa ununuzi anayetaka bajeti kubwa. Ningemwambia hivi mtu yeyote anayepanga kushawishi wakubwa wake: tafuta kwanza ni nani anaaminiwa kwa jambo hilo, umshirikishe katika kulitafuta jibu, si katika kulitangaza. Mhasibu hakuwa akinisaidia mimi siku ile. Alikuwa akitetea kitu alichokipima kwa mkono wake.

Bosi akauliza swali moja: "Nikilipa zaidi, nani ananihakikishia usafi?" Kumbe hofu ndiyo ileile niliyoikisia. Nikapendekeza malipo mara mbili: nusu wakati wa kupakia, nusu baada ya kuchekecha sampuli ghalani. Amekubali majaribio hadi Desemba kwa mwalo mmoja. Nimeomba kikomo cha bei kwa maandishi na nimekipata: nyongeza isiyozidi shilingi 700 kwa kilo juu ya bei ya dagaa wa mchangani.

Septemba, mbalamwezi. Kwa mama mwenyekiti

Ratiba ya mradi huu inafuata mwezi wa angani. Siku za giza akina mama wameamka saa tisa usiku na hadi saa nne asubuhi wako mchangani. Kumwita mtu kikaoni siku hizo ni kumtukana. Mbalamwezi ikiwa pevu, wanashona magunia, wanakwenda kliniki, wanakaa. Kuchagua saa ambayo mwenzako ana nafasi ya kusikiliza ni nusu ya kusikilizwa.

Nilikwenda peke yangu nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi chao. Mwangaluka mayu, shikamoo, habari za nyumbani, habari za wajukuu. Kisha nikauliza swali nililoandaa na nikanyamaza: "Mama, vichanja vilikuja hapa zamani vikaachwa. Ilikuwaje?"

Alichukua muda. Aliendelea kuchambua mboga. Halafu:

"Mwanangu, mchangani namwaga, nasambaza, naondoka. Kichanjani napanga, nageuza, nafukuza ndege, na kinabeba ndoo chache. Nikafanya kazi mara mbili. Mnunuzi alipokuja, bei ikawa ileile. Mkono mtupu haulambwi."

Sikumjibu. Niliandika maneno yake mbele yake, nikamsomea, nikamuuliza kama nimeyashika sawa. Akasahihisha sehemu moja: vichanja havikuachwa vyote kwa pamoja, viliachwa baada ya miti kuoza na hakuna aliyeona faida ya kununua mingine. Kisha akaongeza kitu ambacho hakikuwemo kabisa kwenye jedwali langu. "Na hela ya kesho tusiizungumze. Alfajiri tajiri hanisubiri. Nisipokuwa na hela ya leo, ndoo za kesho anachukua mwingine."

Huu ndio ukurasa wenye thamani kubwa kuliko zote kwenye daftari. Msimamo wa kikundi ulikuwa "hatutaki vichanja". Nyuma yake kuna haja mbili: kazi ya ziada ilipwe, na fedha ipatikane siku ileile. Msimamo huwezi kujadiliana nao. Unaukubali au unaukataa. Haja ina njia nyingi za kutimizwa. Ile nusu ya malipo baada ya ghala, niliyoibuni kumtuliza bosi, ndiyo hasa ingewaangusha akina mama alfajiri ya pili.

Septemba, mwishoni. Malipo na mizani

Nimerudi kwa mhasibu na tatizo la fedha ya siku ileile. Tumepata njia: wakati wa kupakia tutalipa kwa simu kiasi kinachotosha kununulia ndoo za kesho, yaani bei yote ya dagaa wa kawaida. Kinachosubiri sampuli ya ghala ni ile nyongeza ya usafi peke yake, nayo italipwa ndani ya siku tatu. Bosi hapotezi kitu, kwa sababu dagaa wakikutwa na mchanga atakuwa amelipa bei ya mchanga. Mama hakosi ndoo za alfajiri. Hakuna upande uliolegeza kitu unachokihitaji.

Halafu likaja la mizani. Mama mmoja wa makamo alisema wazi, "Mizani za wanunuzi zinakula." Wengine wakacheka kwa namna ya watu wanaolijua jambo.

Jambo hili lina historia ndefu katika mji wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiwa wamechoka kupunjwa, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kuangalia mizani za wanunuzi. Kutoka kwenye juhudi hizo vyama vya wakulima vikakua. Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma aliyekuwa akifanya kazi na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, akawa kinara wao, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuja kuwa waziri wa kilimo, kisha wa fedha. Huwa nawaeleza vijana wa ofisini kwamba nguvu ile kubwa ilianza na mtu aliyesimama pembeni ya mizani akiwa na karatasi na penseli. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria, wanunuzi walikuwa na mitaji, na wakulima wakatafuta kipimo chao.

Nimependekeza kikundi kiwe na mizani yake, iliyokaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo kama yetu, na karani wao aandike uzito kwenye daftari lao wakati sisi tunaandika kwenye letu. Ofisini mmoja wetu aliuliza, "Kwani hawatuamini?" Nikajibu kwamba gharama ya mizani moja ni ndogo kuliko gharama ya kubishana kila gunia. Mama mwenyekiti aliposikia akasema tu, "Mali bila daftari huisha bila habari," akamteua karani palepale: binti aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mwandiko mzuri na asiyetishika.

Oktoba, mwanzoni. Eneo

Matajiri walikuwa wamesikia fununu kwamba "kampuni inachukua ufukwe". Fununu kama hiyo ikifika kikaoni kabla yako, kikao kimekwisha.

Nilimtafuta mzee mmoja mwenye mitumbwi ambaye mkewe anaanika dagaa. Sikumwomba anitetee. Nilimwomba anionyeshe ufukwe: nyavu zinatandazwa wapi, mtumbwi unapandia wapi, maji yanafika wapi ziwa likijaa. Tulitembea pamoja hadi kwenye miamba ya juu, na ni yeye aliyesema, "Hapa juu hakuna anayepataka, upepo mwingi mno." Upepo ndio vichanja vinachotaka. Kwa hiyo wazo la eneo ni lake, na ninapenda libaki lake.

Mwenyekiti wa BMU ndiye aliyetangaza uamuzi, baada ya matajiri kuzungumza wao kwa wao. Jina langu halikutajwa na halikupaswa kutajwa. Kiongozi wa mwalo atabaki pale miaka yote. Mimi naweza kuhamishwa kesho. Makubaliano yaliyotangazwa na mwenyeji yana ulinzi ambao ya mgeni hayana.

Oktoba, mbalamwezi. Kikao cha bei

Maandalizi mawili kabla ya kikao.

La kwanza: niliwaomba akina mama watume wawili wao Kirumba wakaulize bei za dagaa wa aina zote, tena wasimwambie mtu wanatoka wapi. Ofisini hili lilizua mjadala mkali. Niliulizwa kwa nini mnunuzi amfundishe muuzaji bei. Nimesimama palepale: makubaliano yanayotegemea upande mmoja usijue kitu yanakufa siku upande huo utakapojua, na kutoka Igombe hadi Kirumba ni safari ya daladala tu. Nataka mzigo wa mwaka mzima, si wa wiki moja.

La pili: mpangilio wa ajenda. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi Kenya, Kofi Annan akiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel walizifikisha pande mbili kwenye ajenda ya mambo manne: kwanza kusimamisha ghasia, pili hali ya waathirika, tatu mgogoro wa kisiasa, na nne matatizo ya muda mrefu. Suala la nani atawala halikuwekwa mwanzo. Ajenda ilikubaliwa mwanzoni mwa Februari na mkataba ukasainiwa tarehe 28 mwezi huohuo. Sisi ni wadogo sana ukilinganisha na hilo, lakini mpangilio unafundishika. Tulianza na eneo, ambalo limekwisha. Kisha namna ya kupima usafi. Kisha mizani, kisha siku ya malipo. Bei ikawa ya mwisho, na tulipofika kwake watu walikuwa wameshasema "tumekubaliana" mara nne kwenye chumba kilekile.

Kuhusu nani ataje bei kwanza. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo kila mjadiliaji anapaswa kulijua. Watu walizungushiwa gurudumu la namba, wasijue limetegeshwa lisimame kwenye 10 au 65. Kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliotangulia kuona 10 walikisia, kwa kisio la katikati, 25. Walioona 65 wakakisia 45. Namba ya kwanza inavuta, hata ikiwa haihusiani kabisa na swali. Kwa hiyo anayejua soko vizuri hana haja ya kusubiri. Niliwaachia akina mama wataje wao, kwa kuwa sasa walikuwa na bei za Kirumba mkononi na nilitaka namba itakayotoka iwe imejengwa na wao.

Mama mwenyekiti alisema: shilingi 1,000 juu ya bei ya mchanga, kwa kilo.

Kikomo changu ni 700. Nilikaa kimya kidogo, halafu nikauliza, "Mama, hiyo elfu moja imejengwaje?" Binti karani akafungua daftari, akasoma: kazi ya kugeuza na kulinda, miti na wavu, gunia jipya, na bodaboda ya kupandisha mzigo hadi barabarani. Gunia na bodaboda peke yake vilikula zaidi ya 300.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Magunia kampuni inanunua kwa jumla kwa bei nafuu kuliko mtu mmoja mmoja, na gari letu linaweza kushuka hadi mwaloni badala ya kusubiri barabarani. Nikatoa vyote viwili nje ya bei. Yeye akashuka hadi 700. Nikasema 600 na malipo ya nyongeza ndani ya siku mbili badala ya tatu. Wakatoka nje. Wamekaa huko muda mrefu, sauti zinapanda na kushuka, Kisukuma, Kijita na Kiswahili. Wamerudi na 650, siku mbili, magunia, gari, na mapitio ya bei mwezi Januari. Tumeandika, tumesoma kwa sauti, wote wametia sahihi au dole gumba.

Ningebishania bei peke yake, tungegawana tofauti na kila upande ungetoka na kinyongo.

Novemba. Mvua

Vuli imeanza na makubaliano yamepimwa kweli.

Siku kadhaa mfululizo hakuna jua. Dagaa wa kichanjani hawaozi haraka kama wa chini, lakini nao wanahitaji turubai, na turubai hazikuwemo kwenye bei. Mzigo umepungua. Ghala limelalamika kwamba gunia moja lina mchanga. Karani wa kikundi akapinga kwa daftari lake. Tukafuata tulichokiandika: sampuli ya pili ichekechwe mbele ya pande zote. Mchanga ulikuwemo, ukiwa umeingia wakati wa kukimbiza dagaa mvua ilipowakuta. Nyongeza ya gunia hilo haikulipwa na hakuna aliyepaza sauti, maana kila mtu aliuona kwenye chekecheo.

Kisha mchuuzi wa chakula cha kuku akapandisha bei ghafla kwa wiki moja, na baadhi ya akina mama wakamuuzia. Ofisini wakataka kuwaondoa kwenye orodha. Nimepinga kwa nguvu zangu zote. Hatukuandika popote kwamba watauzia sisi peke yetu, na tusingestahili kuandika hivyo kwa mzigo mdogo tunaouchukua. Mama aliyeuza kwa bei nzuri siku ya mvua amelisha nyumba yake. Mkataba wetu unapaswa kumrudisha kwa sababu unamlipa vizuri mwezi mzima, na wote waliouza nje wamerudi jua lilipotoka. Kama tungewaadhibu, tungekuwa tumewafundisha kwamba sisi ni wa kuogopwa, na mtu anayekuogopa hakuambii ukweli kuhusu gunia lake.

Maombi ya mkopo wa halmashauri yamepelekwa. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Afisa maendeleo ya jamii ameomba nakala ya makubaliano yetu na ya daftari la karani, na kwa maneno yake, kikundi chenye mnunuzi wa kudumu na kumbukumbu za mauzo kinaeleweka kwa haraka. Wanaomba fedha za turubai na miti ya vichanja vipya.

Desemba. Hali ilivyo

Waanikaji wengi wa kikundi wana angalau kichanja kimoja. Wachache bado wanaanika chini sehemu ya mzigo, hasa siku ambazo ndoo ni nyingi kuliko nafasi, na sioni ubaya wowote. Mizigo iliyorudishwa na maduka kwa sababu ya mchanga haijatokea tangu tuanze kuchukua huku. Bosi ameongeza muda wa majaribio bila kuombwa, na mhasibu ameanza kuchekecha sampuli za wauzaji wengine.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote sikuwepo lilipotokea. Mwenye duka mmoja wa mjini alifika mwaloni kutaka dagaa wa kichanja. Karani akamuuliza kwanza ananunua kwa nani sasa, kwa bei gani, na analipa lini. Akamwonyesha daftari. Wamemuuzia kiasi kidogo kwa bei ya juu kuliko yetu, nao wakaniambia wenyewe siku iliyofuata, pamoja na bei.

Yaliyobaki kabla ya masika: turubai, kibanda cha kuhifadhia magunia kisichovuja, na mazungumzo na matajiri kuhusu kuuza ndoo kwa kipimo kimoja, maana kila mtumbwi una ndoo ya ukubwa wake. Hilo la ndoo ni gumu na sitalianzisha mimi. Mzee wa mitumbwi ameomba apewe muda azungumze na wenzake kwanza. Kikao cha mapitio ya bei kiko mbalamwezi ya Januari. Ajenda anaiandaa karani, na ameshanitumia kwa simu jambo la kwanza: nani alipie turubai.